Kopo la Mama Yako na Maswali Sita

Mtani wangu Mwanahamisi, huko uliko,

Wiki chache zilizopita alikuja muuguzi hapa nyumbani kwangu Mbweni. Ni msichana wa umri wa mjukuu wangu mkubwa, raba zake nyeupe zimejaa mchanga wa njia yetu, mkononi ana kishikwambi. Ilikuwa imetimia miezi mitatu tangu moyo wangu ulipogoma bafuni na wanangu wakanibeba kama gunia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za tangu siku ile?"

"Nzuri, namshukuru Mungu."

"Na mwili unasemaje?"

"Sijambo kabisa."

Nilisema hivyo nikiwa nimeegemea mito mitatu, miguu imevimba, pumzi ikikatika kati ya neno na neno. Yule binti hakuandika kitu. Alitabasamu, akakilaza kishikwambi mapajani, akasema, "Haya Baba, hizo zilikuwa salamu. Sasa mie nauliza."

Mtani, nilikaribia kulia mbele ya mtoto wa watu.

Akaanza. Jana uliweza kutembea mpaka getini na kurudi bila kusimama? Unalalia mito mingapi? Kifua kimekubana mara ngapi wiki hii? Umelazwa tena tangu siku ile? Kazi zako za kila siku umezirudia zote, nusu, au hata moja hapana? Kuna kitu unakiogopa? Alisoma kila swali polepole, hakubadilisha neno, wala hakunisaidia kujibu. Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha kuuliza vile.

"Ndivyo tunavyouliza wote, Baba. Orodha ni moja. Aliyeko Mwanza anauliza hivihivi, na huko nje nasikia wanauliza hivihivi. Kila mtu akiuliza la kwake, tutajuaje kinachowasaidia wagonjwa?"

Nilijibu yote kwa kweli. Hapana. Mito mitatu. Mara nne. Hapana. Hata moja hapana. Likabaki la mwisho, la kuogopa. Nilijibu ndiyo, akaandika ndiyo, na kwa adabu yake hakuuliza naogopa nini. Wewe ungeuliza. Basi nakujibu wewe, na nakujibu wazi, kila atakayependa asome, maana jambo lenyewe nilikutendea mbele ya watu.

Nianze na mema yako, kwa sababu ni mengi na nimeyanyamazia muda mrefu.

Siku ulipoletwa kwenye utafiti wetu nilikuwa daktari bingwa wa moyo, mwalimu wa chuo, mwenye tai. Wewe ulikuwa muuguzi wa wodi, Mzaramo wa Tandika, umejifunga khanga juu ya sare kwa sababu, ulisema, ofisi yangu ina baridi ya mochwari. Uliposikia jina la ukoo wangu ulipiga kofi.

"Kumbe Mnyamwezi! Mtani wangu huyu. Nyie si ndio mlikuja Pwani na mizigo ya watu kichwani? Mpaka leo hamjajua kutua."

"Na nyie Wazaramo mlitupokea na ngoma," nikasema, "mpaka leo haijaisha."

"Haiishi! Tunasubiri mtue tuwafundishe kucheza."

Tangu siku ile mbele ya wagonjwa uliniita Daktari, na tukiwa wawili uliniita Mnyamwezi. Wenzetu walishangaa unavyonisema usoni nami nikacheka. Hawakujua kwamba mtani ana ruhusa ya kusema kile ambacho ndugu hawezi.

Kazi yetu ilikuwa rahisi kuieleza. Tulitaka kujua, mtu akishapata shambulio la moyo na kurudi nyumbani, je, yatosha kumpigia simu kila wiki, au ni lazima muuguzi amfuate kwake? Tuliwagawa wagonjwa kwa kura, nusu wapigiwe simu, nusu watembelewe. Wazo la simu lilikuwa langu. Nililipenda kama mtu anavyompenda mtoto wake wa uzeeni.

Kulikuwa na fomu ya zamani yenye safu moja tu ya matokeo: nafuu, vilevile, amezidiwa. Daktari alimwuliza mgonjwa hali, akajaza. Ukaisoma, ukaniuliza nafuu ni nini. Nikasema kila daktari anajua. Ukaenda kuwauliza madaktari wetu watatu, kila mmoja peke yake, ukarudi na majibu yako nyuma ya bahasha. Wa kwanza alisema nafuu ni mgonjwa kuja kliniki kwa miguu yake. Wa pili alisema ni sauti isiyokwama kwenye simu. Wa tatu ulimkuta anakula, akasema, "Nafuu ni nafuu, dada."

"Sasa Mnyamwezi," ukasema, "hawa watu watatu wakipima mgonjwa mmoja, si watatoa wagonjwa watatu?"

Ndipo uliponisimulia kopo la mama yako. Mama alikuwa akiuza mchele soko la Tandika. Wauzaji wengine walibonyeza kitako cha kopo kikaingia ndani, mteja anaona kopo limejaa, kumbe halijajaa. Wengine walikuwa na makopo mawili, zima la kununulia na lililobonyezwa la kuuzia. La mama yako lilikuwa moja, limenyooka, na kila asubuhi aligeuza kitako chake juu wateja wakione ndipo aanze kupima. Ulisema majirani walimcheka, na kwamba wewe mwenyewe ukiwa mdogo uliona aibu kwa ule ushamba wake. Kisha ukaigonga ile fomu kwa kidole. "Hii imebonyezwa."

Na hukuishia kulaumu. Uliomba wiki tatu. Barabara ya Morogoro ilikuwa inachimbwa kwa ajili ya mwendokasi, Manzese nzima ni vumbi na mashimo, nawe ukaingia uchochoro kwa uchochoro, kisha ukavuka kwenda kwenu Temeke, ukiwauliza wagonjwa swali moja ambalo mimi katika miaka yangu yote ya udaktari sikuwahi kumwuliza mtu: "Ukipona, utajuaje kwamba umepona?"

Mama muuza vitumbua alikwambia, siku nitakayopiga unga mwenyewe bila kumwita binti. Kuli mstaafu wa bandarini alisema, siku nitakayolala chali kama zamani. Mama mmoja wa Keko alisema, siku nitakayoacha kuamka kuangalia kama bado napumua. Kutokana na hao ulitengeneza maswali yako sita, ukayaandika kwa mwandiko wako wa duara, ukaweka sharti: yaulizwe yote, kwa maneno yaleyale, siku ileile ya tisini, kwa kila mtu, awe wa simu au wa kutembelewa. Na juu yake ukaandika, kabla hatujaona jibu hata moja, kwamba haya ndiyo tutakayohukumia utafiti wetu. Nikaweka sahihi. Nawe ukaweka.

Lakini akili yako yote niliiona siku ya tisini ya fundi Shabani, tulipomfuata kwake. Unamkumbuka, seremala wa Manzese, mrefu, kofia ya kiua haimtoki kichwani. Mimi nilitangulia kumwona.

"Shikamoo, mzee Shabani. Hujambo?"

"Sijambo, Daktari. Alhamdulillahi."

"Moyo?"

"Unadunda, Daktari. Hatuna la kulalamika."

Nikaandika nafuu kwenye ile safu ya zamani. Ukaingia wewe nyuma yangu. Ukamsalimia zaidi kuliko nilivyomsalimia mimi, ukauliza mke, watoto, jirani aliyefiwa, mbuzi. Salamu ilipoisha kabisa ukavuta kigoda ukasema, "Haya baba, salamu tumezimaliza, Mungu azipokee. Sasa nauliza. Mara ya mwisho kushika randa ni lini?"

Fundi akatazama meza yake ya kazi. Kulikuwa na ubao umefungwa pale, juu yake vumbi.

"Sijashika, mwanangu. Nikivuta mara tatu tu, hapa panakaza."

"Mbona umemwambia Daktari hujambo?"

"Ameniuliza hujambo. Ulitaka nimjibu nini mtu mzima mwenzangu amekuja kwangu? Nimtapikie maradhi mlangoni?"

Tulitoka nje ukicheka hadi ukaegemea ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesoma nchi tatu, na sikuwa nimegundua kwamba watu wetu hawamwambii daktari hali yao, wanamrudishia salamu yake. Sijambo si taarifa. Ni heshima. Nasi tulikuwa tukiichukua heshima ya watu, tunaiandika kuwa afya.

Siku hiyohiyo, tukiruka mashimo kurudi kwenye gari, nilikwambia utakuja kuwa profesa kabla yangu. Ukajibu kwamba wewe hutaki uprofesa, unataka kuniona nazikwa. "Makaburini kwetu wanawake hatuendi. Lakini kwenu Wakristo nitakuja. Nitashuka mwenyewe shimoni kabla hawajakushusha, nikae, nikatae kutoka mpaka ndugu zako waseme kosa lako kubwa kuliko yote."

"Watakaa mpaka jioni wakitafuta," nikasema.

"Basi nitakuja na maji ya kunywa."

Ulifanya kazi ile kwa namna ambayo sijaiona tena. Simu isipopokelewa, mimi niliandika "hapatikani". Wewe ulikwenda mpaka mlangoni, na mara mbili ulirudi na neno lingine, "amefariki", ukaliandika juu ya langu bila kunitazama. Fomu zako hazikuwa na safu iliyobaki wazi. Nasema haya kwa herufi nzito kwa sababu ya lile linalofuata.

Majibu yakaja. Kwa maswali yako sita, waliotembelewa waliwaacha mbali waliopigiwa simu. Walikuwa wanalala, wanatembea, wanarudi kazini. Simu yangu haikuwa imefanya kitu cha maana. Lakini ile safu ya zamani ya nafuu tulikuwa tumeiacha kwenye fomu, na kwa safu hiyo makundi mawili yalikuwa sawasawa, kwa sababu watu wote, wazima na wagonjwa, walikuwa wamesema sijambo.

Nilikuwa nimebakiza miaka michache kustaafu na bado sijapata uprofesa. Niliandika ripoti kwa safu ya nafuu. Nikasema simu inatosha. Maswali sita sikuyataja, kana kwamba hayakuwahi kuulizwa.

Uliisoma umesimama. Ofisini tulikuwa wawili tu, na bado uliniita Daktari.

"Daktari, kwenye karatasi ya kwanza tuliandika tutahukumu kwa nini?"

"Maswali sita."

"Na hapa?"

"Hapa nimeandika wanachokielewa wakubwa. Maswali yako ni mazuri, Mwanahamisi, lakini hakuna anayeyatumia duniani. Nani atatulinganisha na nani?"

"Yule fundi Shabani yumo humu?"

"Yumo."

"Kama nini?"

Ukaiweka ripoti mezani taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. "Una makopo mawili, Daktari. Jina langu litoe."

Nililitoa. Na hapo ndipo penye kosa lenyewe, maana hadi hapo ningeweza kujidanganya kwamba ni tofauti ya kitaalamu. Mkuu wa wauguzi aliponiuliza kwa nini jina lako halimo, nilimwambia hukuwa makini na fomu. Maneno manne. Yalitosha. Ulihamishiwa dirisha la kadi, ukakaa pale ukigonga mihuri mpaka ulipostaafu, na kila utafiti ulioanzishwa hospitalini mtu alipokutaja, mwingine alisema, "Yule wa fomu?" Nilisikia. Nilikuwa nimekaa palepale.

Hospitali ikaacha kutembelea wagonjwa. Ikabaki simu. Fundi Shabani alipigiwa kila wiki, akajibu sijambo kila wiki, na katika simu ya mwisho iliandikwa "anaendelea vizuri". Siku chache baadaye mkewe alikuja kutuambia tusipige tena. Sijui kama kutembelewa kungemwokoa. Najua kwamba wewe ungeliona vumbi juu ya ule ubao. Nami nikapata uprofesa.

Tulionana mara moja baada ya hapo, ukumbini, wewe umebeba kadi, mimi nina wanafunzi nyuma yangu. Nilidhani utanipita. Ulisimama, ukanitazama toka viatu hadi tai, ukasema kwa sauti ya wote kusikia, "Mnyamwezi, ile ahadi yangu bado ipo. Na jibu tayari ninalo." Wanafunzi wakacheka, wakijua ni utani. Ulikuwa umenirudishia jina langu, na mimi sikuwa na ujasiri wa kulipokea.

Kisha ukatangulia wewe. Presha, waliniambia. Ilikuwa zamu yangu kuja kufanya ya mtani, kuwachekesha wafiwa, kuficha sufuria za pilau, kudai kwamba Mzaramo huyu amekufa makusudi ili asinipe zamu ya kucheza. Nilifika mpaka kona ya Tandika. Niliona turubai, mikeka, wanawake wakiingia na khanga zao. Nikamwambia dereva ageuze. Ulizikwa bila mtani, Mwanahamisi, na kwenu jambo hilo halisahauliki.

Sasa nisikilize, maana nina habari njema, na hakuna ninayetamani kumpa kuliko wewe. Wanakubaliana. Wanaotafiti shambulio la moyo, waliokuwa kila mmoja na kopo lake, wameanza kukaa pamoja na kupanga orodha moja ya vipimo vya matokeo: nani amefariki, nani amelazwa tena, nani kifua kinambana, nani anaweza kazi zake, nani ana hofu. Wanawaita wagonjwa wenyewe mezani na kuwauliza kilicho cha maana kwao. Wanahimizana kuandika mapema watahukumu kwa kipimo gani, kopo ligeuzwe kitako juu kabla ya kupima. Si wote wamekubali, wapo bado wanaobonyeza. Lakini imefika hapa petu, hadi kwa binti mwenye raba zenye mchanga. Sisemi walichukua kwako. Wangechukuaje, nami nilikuficha? Nasema tu kwamba uliyaona haya Manzese kwa miguu yako, peke yako, wakati mimi nilidai hakuna anayeyatumia duniani.

Fomu zako zote ninazo. Sikuwahi kuzichoma, sijui kwa nini, labda Mnyamwezi hatupi mzigo wa mtu njiani. Mwanangu amezipiga picha moja moja. Nimeandikia hospitali, chuo, na jarida lililochapisha ripoti ile, nikawapelekea karatasi ya kwanza yenye sahihi zetu mbili na majibu ya maswali sita. Nimeomba ripoti yangu iondolewe, na ya kweli ikitoka, jina la kwanza liwe lako. Jarida limejibu kwamba linachunguza. Uprofesa wakiutaka, wauchukue. Wafanye upesi tu.

Jana nilimpigia binti yako Tatu. Nilimweleza yote bila kupumzika, isipokuwa pale pumzi yenyewe iliponipumzisha.

"Mama alisema utapiga," akasema. "Alisema Wanyamwezi mwendo wao mrefu, ila wanafikaga."

"Alinisamehe?"

"Mama? Mama alikuwa anakucheka tu, Baba. Mie ndo sijakusamehe. Miaka yote ile kwenye dirisha la kadi, mie ndo nilikuwa nampaka dawa miguu akirudi."

Nikasema asante. Hilo lake lilikuwa jibu la kweli kuliko salamu zote nilizowahi kupokea. Tulipokuwa tunaagana nikamwomba kitu kimoja. Utani unarithiwa. Nilimwuliza kama siku yangu ikifika atakuja badala yako. Hakusema ndiyo. Alisema, "Maji ya kunywa nitabeba mwenyewe?" Nikajua ulimsimulia hata hilo.

Kwa hiyo nimewaita wanangu, nikawaambia: Siku hiyo, kabla hamjanishusha, akitokea mwanamke kutoka Tandika akashuka shimoni akakaa, msimtoe wala msimwonee aibu. Mpeni maji. Mwacheni aulize kosa langu kubwa kuliko yote, na msihangaike kulitafuta mpaka jioni. Mkubwa wenu asimame amjibu kwa sauti ya wote kusikia: kopo alilibonyeza baba yetu, na fomu za Mwanahamisi zilikuwa safi.

Akishasikia, atatoka. Ndipo mnilaze, chali.

Mimi, mtani wako Mnyamwezi, nilichelewa lakini nimefika.